Kutoka argamannu hadi urujuani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mtoto akitajiwa rangi za upinde wa mvua darasani, hufika mwisho akakutana na neno moja gumu: urujuani. Nyekundu anaijua, kijani anaiona nje ya dirisha, chungwa amelila asubuhi. Urujuani hajaliona popote. Neno hilo lina umri wa zaidi ya miaka 3,000, na majibu yafuatayo yanafuata njia lililopita, kuanzia vibao vya udongo vya Mesopotamia, ambako lilikuwa argamannu. Unaweza kuruka hadi swali lako. Pale jibu linapotegemea jingine, namba imetajwa.

## Mwanzo wa jambo

1. Argamannu ni nini?

Ni neno la Kiakadi lenye maana ya sufu iliyotiwa rangi ya zambarau inayovuta kwenye wekundu, na pia rangi yenyewe. Rangi hiyo ilitolewa kwa konokono wa Bahari ya Kati.

Waandishi wa kale mara nyingi hawakuliandika kwa silabi. Walitumia alama za Kisumeri ambazo ukizisoma moja moja zinasema "sufu, lazuardi, nyekundu", yaani sufu ya rangi ya lile jiwe la buluu la thamani, ila ile nyekundu yake. Mimi naona hapo mtu aliyekuwa anahangaika kutaja rangi ambayo lugha yake haikuwa na jina lake, kama sisi tunavyosema "rangi ya majivu" au "rangi ya maziwa".

2. Kiakadi ndiyo lugha gani?

Lugha ya Wababeli na Waashuru, katika nchi ambayo leo ni Iraki. Ni ya ukoo mmoja na Kiarabu, Kiebrania, Kiaramu na Kiamhari. Iliandikwa kwa kuchapa kalamu ya tete kwenye udongo mbichi. Kwa karne kadhaa ndiyo iliyokuwa lugha ya barua za wafalme hata nje ya Mesopotamia: Farao wa Misri akimwandikia mtawala wa Kanaani, aliandika Kiakadi. Ndiyo maana neno la bidhaa ya pwani ya Shamu tunalisoma kwenye vibao vya Babeli na Ninawi.

3. Rangi yenyewe ilionekanaje hasa?

Hapa watu wengi hukosea, kwa sababu wanawaza zambarau ya kanga mpya. Pliny, Mrumi wa karne ya 1 BK, aliandika kwamba zambarau bora ya Tiro, mji wa pwani ya Lebanoni ya leo, ilikuwa na rangi ya damu iliyoganda: ukiitazama moja kwa moja ni nyeusinyeusi, ukiinamisha kitambaa kwenye mwanga kinang'aa.

Kiswahili kina jina linalokaribia hapo kuliko zambarau, nalo ni damu ya mzee. Chukua kitambaa cha damu ya mzee, kisogeze kidogo upande wa zambarau, kitazame jioni karibu na dirisha. Umekaribia. Wala haikuwa rangi moja tu. Aina ya konokono, muda wa kuchovya na mwanga wa jua viliweza kuitoa ikiwa nyekundu zaidi au buluu zaidi (tazama swali la 5 na la 14).

4. Ilitengenezwaje, na kwa nini ilikuwa ghali vile?

Konokono watatu ndio wanaotajwa zaidi: *Bolinus brandaris*, *Hexaplex trunculus* na *Stramonita haemastoma*. Ndani ya kila mmoja kuna tezi ndogo yenye ute usio na rangi ya kutisha. Ni mweupe, au wa manjano hafifu. Ukiutoa na kuuacha kwenye hewa na mwanga, unabadilika mbele ya macho yako: unakuwa kijani, kisha unaingia buluu, mwisho zambarau. Na unanuka. Unanuka kitunguu saumu kilichooza pamoja na samaki wa juzi.

Mafundi waliwavua konokono, wakavunja makombe yao au kuwaponda wazima wale wadogo, wakaloweka tezi na kuzipasha moto taratibu kwa siku kadhaa. Sufu ilitumbukizwa kwenye maji hayo, na rangi ikajitokeza ilipotolewa hewani. Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki, alisema viwanda vya rangi viliufanya mji wa Tiro uchukize kukaa, lakini ndivyo vilivyoutajirisha.

Kuhusu bei, mwaka 1909 mwanakemia Paul Friedländer alikusanya konokono 12,000 na kupata gramu 1.4 za rangi safi. Hiyo ni kama robo ya kijiko cha chai ukipima kwa chumvi. Sasa fikiria joho zima. Mwaka 301 BK, Kaisari Diocletian alipotangaza bei za juu kabisa za bidhaa, ratili moja ya hariri ya zambarau ilipangiwa dinari 150,000. Kibarua wa shamba alipangiwa dinari 25 kwa siku, pamoja na chakula. Afanye kazi siku 6,000 bila kutumia senti, zaidi ya miaka 16, ndipo aguse ratili hiyo.

5. Takiltu nayo ni nini? Naiona imetajwa pamoja na argamannu kila mahali.

Ni pacha wake: sufu ya zambarau inayovuta kwenye buluu. Kwa Kiebrania ni *tekhelet*, ile rangi ya uzi ambao Waisraeli waliagizwa kuutia kwenye vishada vya nguo zao katika Hesabu 15:38.

Kwamba viwili hivi vilikwenda pamoja inaonekana vizuri katika hati ya Ugarit, mji wa bandari kwenye pwani ya Siria ya leo. Katika karne ya 14 KK mfalme wake, Niqmaddu, alikuwa akilipa ushuru wa utii kwa mfalme mkuu wa Wahiti, Suppiluliuma. Pamoja na dhahabu na nguo za kitani, orodha ina shekeli 500 za sufu ya takiltu na shekeli 500 za sufu ya argamannu. Shekeli ya huko ilikaribia gramu 9, kwa hiyo ni zaidi ya kilo 4 za kila aina, kwa mfalme peke yake. Miaka kama 600 baadaye, Tiglath-pileser III wa Ashuru anaorodhesha sufu za rangi hizohizo miongoni mwa kodi alizopokea kutoka kwa wafalme wa magharibi, akiwemo Menahemu wa Samaria na Hiramu wa Tiro. Dola zimebadilika, orodha ni ileile.

## Safari ya neno

6. Kiakadi kililipata wapi neno hili?

Wataalamu hawajakubaliana. Kinachofanya jambo liwe tamu ni Kihiti, lugha ya Anatolia, Uturuki ya leo. Humo kuna *arkamman*, na maana yake haihusiani na rangi: ni kodi, ile anayoitoa mtawala mdogo kwa mkubwa wake. Katika Kiugariti neno *argmn* linabeba kodi, na linahusishwa pia na sufu ya zambarau.

Kwa hiyo kuna wanaosema neno lilianza Anatolia likimaanisha kodi, na kwa kuwa kodi ya pwani ya Shamu ililipwa kwa sufu ya zambarau, jina la malipo likawa jina la mali. Wengine wanaligeuza: rangi kwanza, kodi baadaye. Zamani kulikuwa na waliotaka kulipeleka hadi Sanskriti, lakini dai hilo limepoa. Mimi namwelekea yule wa kwanza, kwa sababu orodha ya Niqmaddu inanionyesha jinsi jambo hilo lingeweza kutokea. Ila huo ni mwelekeo wangu, si hukumu.

7. Kwa nini Kiebrania kinasema *argaman* lakini Kiaramu kinasema *argwan*?

Kwa sababu ya mdomo wa Wababeli. Katika Kiakadi cha karne za baadaye, *m* iliyokaa kati ya irabu ililegea ikatamkwa *w*. Waandishi waliendelea kuandika *argamannu* kama walivyofundishwa, lakini sokoni lilisikika kama *argawannu*. Kiaramu, kilichokuja kuwa lugha ya biashara na ofisi katika dola zote zile, kililichukua kama kilivyolisikia: *argwan*, au *argwana*. Kiebrania kilikuwa na lile la zamani lenye *m*, kikabaki nalo.

Ushahidi wa mlegeo huu uko kwenye miezi. Mwezi wa Kibabeli *Simanu* ndio Wayahudi wanaouita Sivan, uliotamkwa Siwan hapo kale. *Kislimu* ukawa Kislev. *M* ileile, njia ileile.

Na kuna mahali pamoja ambapo maumbo mawili yanakaa karibu karibu. Katika 2 Mambo ya Nyakati sura ya 2, Sulemani anapomwomba mfalme wa Tiro fundi stadi, maandishi ya Kiebrania yana *argewan*, la Kiaramu. Aya chache mbele, katika jibu la mfalme wa Tiro, limeandikwa *argaman*.

8. Lilifikaje kwenye Kiarabu, na *j* ilitoka wapi?

Kiarabu kinasema *urjuwan*. Wanafilolojia wa sasa wanaliunganisha na Kiaramu. Wanakamusi wa zamani wa Kiarabu walisema limetoka Kiajemi, kwenye *arghawan*. Njia zote mbili zinaishia kwenye Kiaramu na Kiakadi nyuma yake, kwa hiyo ugomvi ni wa kituo, haubadilishi barabara.

*J* ndiyo sehemu rahisi. Sauti *g* ya lugha za ukoo huo hujibiwa na *j* katika Kiarabu. Bustani kwa Kiebrania ni *gan*. Kwa Kiarabu ni *janna*, neno ambalo Mswahili yeyote aliyewahi kukaa kwenye hitima analijua. Ngamia ni *gamal* kule, *jamal* huku. Ndivyo *argwan* ilivyopata *j*. Ile *u* ya mwanzo ni Kiarabu kulivalisha neno geni kanzu ya nyumbani: tayari kilikuwa na maneno yenye umbo hilo, kama *uqhuwan*, jina la ua.

9. Nimeambiwa *arghawan* ni mti. Rangi imekuwaje mti?

Ni kweli. Kwa Kiajemi *arghavan* ni mti unaochanua maua ya waridi iliyokoza kuelekea zambarau, na Waturuki wanauita *erguvan*. Kitaalamu ni *Cercis siliquastrum*; katika Afghanistan ni ndugu yake, *Cercis griffithii*. Una tabia moja ya ajabu. Maua hutoka kabla ya majani, na hutoka hata kwenye shina lenyewe, kama vile mtu kaubandika maua kwenye gome. Mti uliokuwa mkavu wiki mbili zilizopita unasimama wote rangi tupu. Mtu akiuona hana haja ya kuutafutia jina lingine.

Istanbul huvaa rangi hiyo kando ya Bosphorus kati ya Aprili na Mei. Babur, aliyeasisi dola ya Moghul, aliyasifu katika kumbukumbu zake maua ya arghawan ya vilima vya kaskazini mwa Kabul. Wasichana wa Kiajemi, Kikurdi na Kiarabu hupewa jina hilo, kila lugha kwa matamshi yake.

Kwetu mambo yalikwenda kinyume. Kiajemi kilitoa jina la mti kwenye rangi; Kiswahili kikatoa jina la rangi kwenye mti, yaani mzambarau. Tazama swali la 11.

10. Na Kiswahili je?

Kiarabu kina *urjuwan*, na ukiongeza *-i* unapata *urjuwani*, "ya urujuani". Kiswahili kimepokea umbo hilo lenye *-i*, kama tulivyopokea samawi na kahawia.

Kisha likafanyiwa kile tunachokifanyia karibu kila neno la Kiarabu lenye konsonanti mbili zilizogandana: tukapenyeza irabu. *Waqt* ikawa wakati, *hukm* ikawa hukumu, *ilm* ikawa elimu. Basi *urj* ikawa *uruj*. *W* ya katikati haikuwa na kazi, maana *uwa* na *ua* mdomoni mwetu ni mamoja. Ukitoka hapo una u-ru-ju-a-ni, silabi tano, mkazo kwenye *a* kama kawaida.

## Urujuani ndani ya Kiswahili

11. Urujuani na zambarau ni rangi moja au mbili?

Inategemea uko wapi. Mtaani, zambarau imeshinda kabisa. Ukimwambia fundi cherehani unataka gauni la urujuani, atakuuliza "ndiyo rangi gani hiyo?" Ukimwambia zambarau, anapima kiuno.

Sababu iko wazi. Zambarau unaila, inakuachia ulimi wa rangi hiyohiyo, shati la shule linaharibika na mama anagomba. Tunda na mti wake vina asili ya Bara Hindi, na jina lenyewe linasikika kama majina ya huko, mfano *jambul* ya Kimarathi. Hivi ndivyo Kiswahili kinavyopenda kutaja rangi, kwa kukuonyesha kitu: majani, chungwa, manjano, kahawa, waridi. Urujuani haina kitu cha kukuonyesha, maana konokono wake hawako sokoni.

Kwenye vitabu vya sayansi mambo yanageuka. Urujuani ni jina la ile rangi ya mwisho ya upinde wa mvua, na zambarau inaachiwa mchanganyiko wa nyekundu na buluu. Tofauti hiyo ina maana, kwa sababu urujuani wa upinde wa mvua ni mwanga wa wimbi lake wenyewe, na zambarau ya nyekundu-na-buluu haimo ndani ya upinde kabisa; ni jicho letu linalochanganya. Kichekesho ni kwamba argamannu ya kale, iliyovuta kwenye nyekundu, ingeangukia upande wa zambarau. Neno lilibaki, rangi ikahama chini yake.

12. Je, neno hili limo kwenye Biblia ya Kiswahili?

Limo, na hapa ndipo hadithi yote inapokutana na mkia wake. Tafsiri ya Union, ile ambayo makanisa mengi yanaitumia, inamwelezea mke mwema wa Mithali 31:22 kwamba mavazi yake ni "kitani safi na urujuani". Neno la Kiebrania pale ni *argaman*. Watafsiri walilitia Kiswahili *argaman* kwa kutumia mjukuu wake mwenyewe. Wimbo Ulio Bora 7:5, nywele za mpenzi zinafananishwa na urujuani. Hapo pia Kiebrania ni *argaman*.

Lakini fungua Kutoka 25:4, orodha ya vifaa vya hema, na utakuta "rangi ya zambarau", ingawa Kiebrania ni neno lilelile. Kwa hiyo tafsiri moja inatumia maneno yote mawili. Katika mifano hii urujuani umeangukia kwenye mashairi na zambarau kwenye orodha ya vifaa, jambo ambalo sikio langu linalikubali.

Kwenye Agano Jipya ni zambarau: Lidia wa Thiatira, mwenye kuuza rangi ya zambarau (Matendo 16:14), na yule tajiri wa Luka 16:19. Huko maandishi ya asili ni Kigiriki na neno ni la ukoo mwingine. Tazama swali la 15.

13. Na kwenye hadithi za Mtume?

Katika Sunan Abi Dawud imepokewa kutoka kwa Imran bin Husayn kwamba Mtume alisema hapandi juu ya *urjuwan*. Kinachokusudiwa ni mto wa tandiko uliofunikwa kitambaa cha rangi hiyo. Katika mapokezi mengine makatazo yanataja mito hiyo waziwazi. Wafafanuzi na wanakamusi wa Kiarabu huieleza *urjuwan* kuwa ni nyekundu iliyokoza sana. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili akifasiri kwa urujuani wa upinde wa mvua, atakuwa ameona rangi nyingine kabisa. Hukumu ya jambo lenyewe waulizwe wanachuoni. Ukurasa huu unashughulika na neno.

14. Kwa nini nili na urujuani vinafuatana kwenye upinde wa mvua? Kuna uhusiano?

Kwenye upinde, vinafuatana kwa sababu ya mawimbi ya mwanga tu. Kwenye kemia, ni ndugu wa tumbo moja, na hili ndilo jibu ninalopenda kulitoa kuliko yote.

Nili ni rangi ya buluu inayotokana na mmea, na jina lake limetoka Sanskriti likapitia Kiajemi na Kiarabu. Friedländer alipoichambua rangi ya konokono mwaka 1909, alikuta molekuli ya nili yenye nyongeza moja: atomi mbili za bromini. Bahari ina bromini ya kutosha, na konokono anaitumia. Nili ukiipachika bromini mbili inakuwa urujuani.

Na njia ya kurudi ipo. Rangi ya *Hexaplex trunculus* ikiwa bado imeyeyuka kwenye pipa, kabla haijashika sufu, ukiiweka juani inapoteza bromini zake. Sufu ukiichovya baada ya hapo inatoka buluu. Mwanakemia Otto Elsner aliliona hilo nchini Israeli miaka ya 1980, na tangu hapo wengi wanaamini ndivyo *tekhelet* ya swali la 5 ilivyopatikana: konokono yuleyule, siku ya mawingu unapata zambarau, siku ya jua kali unapata buluu. Wazee wa rangi wa Sidoni hawakujua bromini, lakini bila shaka walijua mahali pa kuliweka pipa.

## Maswali ya pembeni

15. *Purple* ya Kiingereza imetokana na argamannu?

Hapana. Hiyo inatoka Kilatini *purpura*, iliyotoka Kigiriki *porphyra*, jina la konokono na rangi yake. Bidhaa ni moja, ukoo wa jina ni mwingine. Kutoka hapo Wagiriki wa Konstantinopoli walipata jina la heshima *porphyrogennetos*, yaani aliyezaliwa ndani ya zambarau, kwa mtoto aliyezaliwa baba yake akiwa tayari kwenye kiti cha enzi.

*Crimson* nayo ni ukoo wa tatu: imetoka kwenye Kiarabu *qirmiz*, jina la mdudu mdogo anayetoa rangi nyekundu.

16. Ni kweli kwamba "Foinike" na "Kanaani" maana yake ni zambarau?

Foinike, inawezekana sana. Kwa Kigiriki *phoinix* ni nyekundu iliyokoza, na Wagiriki ndio waliowapa watu wa Tiro na Sidoni jina hilo. Wenyewe hawakujiita hivyo.

Kanaani ni mashaka. Kuna neno *kinahhu* kwenye vibao vya Nuzi, Iraki ya kaskazini, linalohusu sufu ya rangi, na msomi E. A. Speiser alipendekeza kwamba Kanaani ni "nchi ya zambarau". Siku hizi wengi hawalipokei. Ukiona limeandikwa kama jambo lililothibitika, punguza kasi.

17. Kuna ushahidi wa kushikika, au ni maneno tu?

Upo. Sarepta, mji wa yule mjane aliyemlisha Eliya, uko kwenye pwani ya Lebanoni. Wachimbaji wakiongozwa na James Pritchard walipata humo vigae vya mitungi vya karne ya 13 KK vikiwa bado na madoa ya zambarau kwa ndani, na kemia ikathibitisha ni ya konokono. Sidoni kulikuwa na kilima kizima cha makombe yaliyovunjwa. Na mwaka 2021 watafiti wa Israeli walitangaza vipande vya nguo kutoka Timna, jangwani kusini, vya miaka kama 1000 KK, vilivyotiwa zambarau halisi. Ukavu wa jangwa ndio uliovihifadhi.

18. Rangi hii iliwahi kufika pwani yetu?

Kitabu cha safari kiitwacho *Periplus*, kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 BK, kinataja nguo za zambarau, nzuri na za kawaida, kati ya bidhaa zilizoingia Muza, bandari ya Yemeni. Kitabu hichohicho kinasema watu wa Muza ndio walioishikilia biashara ya Rhapta, soko la mwisho la pwani ya Azania, katika Tanzania ya leo. Lakini orodha ya vitu walivyovileta Rhapta ni mikuki, mashoka, visu, masharasi na vitu vya kioo. Zambarau haimo. Iliishia ng'ambo ya bahari.

Konokono wa jamii hiyo wapo Bahari ya Hindi pia. Lile kombe kubwa lenye miiba na mdomo wa waridi linalouzwa kwa watalii ufukweni mara nyingi ni *Chicoreus ramosus*, binamu yao. Usimvunje kwa kutafuta utajiri. Rudia hesabu ya swali la 4.

19. Rangi hii iliisha lini?

Konstantinopoli ilipoanguka, mwaka 1453, viwanda vya kifalme vilikuwa vimekwisha. Mwaka 1464 Papa Paulo II aliagiza makadinali wavae nguo zilizotiwa rangi ya wale wadudu wa swali la 15, na ndiyo sababu makadinali ni wekundu hadi leo. Halafu mwaka 1856, kijana wa miaka 18, William Henry Perkin, alikuwa London akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria. Alishindwa. Alichobaki nacho kwenye chupa kilikuwa rangi ya zambarau ya kwanza ya kiwandani, na tangu hapo zambarau ikawa nguo ya yeyote.

20. Argoni, ile gesi, inahusiana?

Hapana. Inatoka Kigiriki, na maana yake ni mvivu.

21. Ule mwanzo wa "u-" ni kiambishi? Na mbona ndani naona "jua"?

*U-* ni sehemu ya mwili wa neno, imekuja nalo kutoka Kiarabu. Hakuna *rujuani* wala wingi wa *marujuani*. Upatanisho huenda na neno rangi: rangi ya urujuani imefifia. Au neno lenyewe: urujuani umekoza.

"Jua" lililo katikati ni bahati tu. Lakini bahati hiyo imepata kazi, maana waliotunga istilahi za sayansi walipohitaji jina la miale ya jua isiyoonekana, ile inayopita mwisho wa upinde wa mvua na kuchoma ngozi, waliongeza *mno* nyuma ya neno hilo la konokono wakapata urujuanimno. Mwanafunzi anayeliona kwa mara ya kwanza hulikata vibaya, u-ru-jua-ni-mno, akadhani linamwambia kwamba jua limezidi.